Bishara na Mkono wa Sajini

"Hatawachukua wote, hooyo. Gari lenyewe haliwatoshi."

"Gari haliwatoshi." Sharifo aliyarudia maneno hayo ya Bishara, mke wa mwanawe, polepole, kama mtu aliyeuma mchanga kwenye wali. "Mwanangu yuko mbele ya bunduki, mkewe anapima nafasi garini."

"Si umeuliza akiwachukua wote itakuwaje? Nimekujibu."

"Sikuuliza. Nililia. Na kama jana ungeniachia chuma changu, tusingefika hapa. Ningemchoma kifuani kidogo tu, hapa na hapa, huo moyo wake ukashika adabu. Babake nilimchoma, akapona."

"Babake alikuwa na kikohozi."

"Akapona."

"Alipona kwa kukukimbia, hooyo. Aliponea Mandera."

Saynab, jirani yao, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na kikombe cha chai, alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Ndiye pekee kibandani aliyeweza kucheka asubuhi hiyo. Mumewe, Yarow, naye alikuwa kwenye mstari wa wanaume kule kizuizini, lakini Yarow hakuwa mtu wa kutishika, na mkewe hakuwa na sababu ya kutishika kwa niaba yake.

Bishara hakucheka. Aliinua pembe ya mkeka wa mlangoni, akachungulia, akaushusha. Akakaa. Akasimama, akachochea moto usiohitaji kuchochewa, akarudi mlangoni. Nje kulikuwa na ua wa miiba uliokizunguka kijiji kizima, na jua, na mbuzi mmoja aliyekuwa akila gunia. Kutoka kizuizini hakukusikika kitu. Lau kungesikika kelele angejua ni kelele za nini. Ukimya ndio uliokuwa ukimtafuna.

Huyu Bishara binti Keynan, ukitaka kumjua, alikuwa muuza mioyo. Si mapenzi, nyama. Pale Garissa wanaume walichinja na kuuza minofu, wanawake wakauza vya ndani, na Bishara katika vya ndani alipenda moyo. Wenzake walikata ini na kulifunga majani bila maneno. Yeye kila moyo aliuuza na hadithi yake. Huu, alisema, ni wa ngamia aliyetembea kutoka Wajir, upasue utakuta mchanga wa kila njia aliyopita. Na huu mwingine jana haukukubali kufa. Ulipiga ndani ya kikapu njia nzima, kikapu kikatangulia chenyewe kikiruka ruka, mimi nikafuata nyuma nikikiita kwa jina. Watu walijua ni uongo mtupu, wakanunua.

Lakini kisu hakijui uongo, na kisu chake kilikuwa kimeufungua moyo mara nyingi kuliko mtu yeyote alivyofungua mlango. Alijua kwamba moyo wa ngamia si mfuko mmoja. Una vyumba viwili juu, vyembamba ukuta, na vyumba viwili chini, na kile cha chini upande wa kushoto kina ukuta mnene kama kisigino cha mchungaji. Kati ya chumba cha juu na cha chini pana kilango cha ngozi nyeupe, laini, kilichofungwa kwa nyuzi nyembamba kama kamba za kibanda. Siku moja alitia maji kutoka juu, yakashuka vizuri. Akauminya moyo kwa chini ili yarudi yalikotoka. Vilango vikajifunga, maji yakamrukia usoni kupitia mshipa mkubwa. Tangu siku hiyo aliwaambia wateja kwamba moyo una heshima kuliko binadamu, maana hauongei kinyumenyume.

Maana ya vilango hivyo aliipata kwa mumewe, na kwa dresa mmoja wa hospitali aliyekuwa na masikio ya mpira.

Gelle, mumewe, alikuwa amelelewa visimani Wajir. Kazi yake ilikuwa kusimama ndani ya kisima, mguu huku na mguu huku, na kurusha juu ndoo ya ngozi kwa mwenzake aliyesimama juu yake, naye amrushie wa juu zaidi, mpaka maji yamwagike horini na ngamia wanywe. Wanafanya hivyo wakiimba, kwa kuwa bila wimbo mikono haikutani na ndoo itakupasua kichwa. Bishara alipomwonyesha moyo uliopasuliwa, Gelle aliutazama kitambo, akasema, "Hivi ni visima viwili vilivyopeana mgongo. Magenge mawili, wimbo mmoja."

Wakaifuata mishipa kwa kidole. Mshipa wa chumba cha kulia ulikwenda karibu tu, kwenye mapafu. Wa kushoto ulipinda kama fimbo, ukateremka na uti wa mgongo, ukagawanyika na kugawanyika mpaka kwenye kwato. "Umeona," Gelle akasema, "hawa wa kulia wananywesha hori la karibu, damu inapata pumzi, inarudi. Hawa wa kushoto wanaipokea wanairusha mbali, mpaka ukucha. Ndiyo maana ukuta wao ni mnene, kazi yao ni nzito." Naye dresa, aliyependa figo, aliwahi kumwekea Bishara ile mipira masikioni, akamsikilizisha kifua chake mwenyewe. Bishara alidhani atasikia ngoma. Dresa akamwambia hapana, ile du na ile dup ni vilango vinavyojifunga, vya ndani kwanza, kisha vya kutokea. Bishara alirudi nyumbani akawaambia wanawake wote kwamba kifuani mwa kila mtu kuna mke anayebamiza mlango kutwa nzima.

Sasa Gelle mwenyewe alikuwa na kasoro moja. Zamani kule Wajir, kuta za kisima zilimwangukia. Walimfukua akiwa hai, mchanga umemfika kidevuni na jiwe limemlalia kifua. Alipona mbavu, akapona ngozi, ila kifua chake hakikusahau lile jiwe. Ukimwekea kiganja hapo, hata kwa mapenzi, moyo wake huanza kukimbia kama mbuzi aliyenusa fisi, na hautulii mpaka uuondoe mkono. Bishara alijua tangu usiku wa harusi, na miaka yote hiyo alikuwa akimkumbatia kwa mgongo.

Kasoro hiyo isingekuwa na neno popote duniani. Ikaja kuwa na neno Garissa, miaka ile ya vita vya shifta, kwa sababu ya mkono wa Sajini.

Sajini wa kizuizi alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye kiganja kama kibao cha kusomea Kurani. Serikali ilikuwa imewakusanya watu ndani ya ua wa miiba, ngamia wamepungua, njia zimefungwa, na kila bomu lililotegwa barabarani lilipolipuka, wanaume walipangwa mstari. Wenzake waliuliza maswali na kupiga mateke. Sajini hakuuliza. Alipita akiweka kiganja chake kwenye kifua cha kila mwanamume, anafumba macho, anasikiliza. Alikuwa amewaeleza watu mwenyewe, bila kuficha, kama fundi anayejivunia kazi yake: "Mimi sisikilizi mtu, nasikiliza mstari. Mioyo yote ikipiga hivi, na mmoja ukapiga vile, huyo mmoja ana neno." Huyo mmoja alipandishwa garini. Kuna waliorudi baada ya miezi, wamekonda. Kuna ambao mpaka leo wake zao hawajui wakae eda au wasubiri.

Mara zote mbili zilizopita Gelle alikuwa machinjioni, nje ya ua, kwa kibali. Lakini juzi lori lililipuka njia ya Bura, na jana jioni mpiga mbiu akapita: kesho asubuhi wanaume wote, hakuna cha kibali.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Sharifo akatia chuma motoni. Bishara akakitoa. Sharifo akakirudisha. Gelle amekaa katikati yao, anatazama chuma kikienda na kurudi.

"Mwekee mkono azoee," Bishara akasema, akamwekea. Moyo ukaruka. Akauacha mkono hapo muda mrefu, akitumaini utachoka, haukuchoka. Jasho likamtoka Gelle, midomo ikamkauka.

"Imba," akamwambia. "Imba ule wimbo wa kisimani kimoyomoyo. Moyo wako ni mtu wa kisima, utafuata."

Gelle akafumba macho, akaimba kimya. Na kwa kweli, chini ya kiganja, Bishara aliusikia ukipungua, ukapanga mstari, ndoo juu, ndoo juu. Akaanza kutabasamu. Halafu ghafla ukaongeza mwendo, ukaongeza tena, ukawa unakimbia kuliko mwanzo.

"Umefanya nini?"

"Sikufanya kitu," Gelle akasema. "Ngamia wamefika horini."

Maana wimbo ule ndivyo ulivyo. Unaanza polepole wakati wa kujaza hori, na kundi lenye kiu linapofika huwezi tena kuuimba polepole; mikono haikubali. Hakuna mtu wa Wajir anayeujua nusu. Bishara alimwambia aishie kabla ngamia hawajafika. Gelle akajaribu, akajaribu. Kila mara ngamia walifika.

Alfajiri, geti la miiba lilipofunguliwa, Bishara alikwenda machinjioni peke yake. Kulikuwa na ngamia dume aliyechinjwa jana, ananing'inia kwenye mgunga, na askari mmoja akimlinda dhidi ya fisi. Alitoa moyo, akakaa chini nao mapajani kama mtoto. Hakuupasua. Aliuminya tu, akauachia, akauminya, akifikiri. Mtu anapokimbia, miguu yake ni kundi la kiu limefika horini. Inataka damu, na watu wa kisima wanaharakisha. Hofu nayo ni mchungaji mwongo, anapiga kelele kundi limefika ilhali hori halina hata mbuzi. Mkono wa Sajini hauwezi kujua kipi ni kipi. Kwake du ni du, dup ni dup.

Akaacha kuuminya.

Moyo wa Gelle hatauweza. Usiku kucha ameushindwa, na saa hizi wanaume wanaanza kutoka vibandani. Lakini nani alisema lazima ule mmoja ufanane na mingine? Mingine haiwezi kufanana na ule?

Lile gari la kizuizini, lori kuukuu la kijani, lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe. Kila mtu alijua. Lilikuwa likikaa chini kwenye mchanga wa upande wa mto, na kwa kawaida Sajini alishika vifua kwanza, kisha wale wenye bahati ndio waliolisukuma kuwapeleka wenzao. Bishara akakata nundu yote, mafuta meupe matupu, akaifunga kitambaani, akatoka mbio. Alimkuta Sajini akipiga mswaki. Mstari wa wanaume ulikuwa tayari umekaa chini mchangani.

"Sajini, subalkheri. Nyama iko tele leo. Dume. Tazama nundu hii, hii ni yako, bole bole, isianguke."

Sajini akanusa. "Iko wapi ingine?"

"Machinjioni. Lakini nyinyi mkichelewa, jua itaharibu. Na yule askari unaweka pale, mimi simsemi, lakini nimeona yeye anakata."

"Anakata?"

"Baja yote ya nyuma imekwisha karibu." Maana herufi ya kwanza ya neno paja kwake haikuwahi kukubali kutoka sawasawa, lakini uongo ulimtoka safi.

Sajini akatema povu. Akageukia mstari. "Simameni. Sukumeni gari. Dereva, kimbia, lete nyama yote kabla huyo mwizi hajamaliza."

Basi walisukuma. Mchanga ule ulimeza magurudumu, wanaume wakazama mpaka vifundoni. Wazee kwa vijana, mabega kwenye bati, wakaguna, wakateleza, wakaanza upya. Gari likakohoa, likarudi nyuma, wakalikamata. Bishara alimwona Gelle katikati, mishipa ya shingo imemsimama. Hatimaye likashika, likatoka moshi mweusi, likaenda zake. Na Sajini, ambaye hakutaka nyama ikute kazi haijaisha, akapiga makofi: "Mstari. Upesi. Hakuna kukaa." Wanaume wakapanga mstari wakihema kama mbwa, mate yamewaganda midomoni. Askari mmoja akamsukuma Bishara kwa kitako cha bunduki, akamwambia wanawake warudi ndani.

Ndiyo sababu hakuona kilichofuata. Alikuwa ameona Sajini akikunja mkono wa shati, basi.

"Umewapanga wote waonekane wezi," Sharifo alisema sasa, akiinua tasbihi na kuishusha. "Hata mtoto atajua. Atasema, hawa wote wana neno, twende nao wote."

"Anasikiliza mstari, hooyo. Amesema mwenyewe. Ukipiga wote namna moja, hana wa kumchagua."

"Na wewe unamwamini shetani akikuambia njia."

"Namwamini kwa kuwa anajisifu. Mtu anayejisifu hadanganyi kuhusu ufundi wake. Mimi peke yangu ndiye tofauti."

Sharifo hakutaka kutabasamu, akatabasamu upande mmoja, akaufuta kwa upindo wa shuka. "Akirudi mzima," akasema, "nitakiuza kile chuma."

"Utanichomea mimi."

"Nawe pia ungepona."

Saynab akajimiminia chai tena, akaongeza sukari, akakoroga kwa utulivu uliomkera Bishara kuliko matusi. Bishara alikaa, akasimama. Aliweka vidole chini ya taya, mahali dresa alipomwonyesha, akahisi mshipa wake unavyogonga gonga. Watu wa kisima chake walikuwa wakirusha ndoo bila kutazamana.

"Kaa, mwenzangu," Saynab akasema. "Unanipa kizunguzungu. Watarudi. Tena umefanya jambo zuri, nitalisimulia mpaka nizeeke. Mume wangu atakuwa amecheka sana akiwaona wenzake wanavyohema."

Bishara alikuwa ameshika pembe ya mkeka. Akaiachia.

"Akiwaona?"

"Si unamjua Yarow."

"Kwani yeye hakusukuma?"

"Yarow asukume?" Saynab akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili ya kusimulia. "Hakuna aliyewahi kukuambia? Yarow anakwenda nyuma kabisa, anaweka kiganja kwenye bati hivi, kama anayebariki ng'ombe, na kupiga kelele kuliko wote. Haya, pamoja, bismillahi. Gari likiwaka, yeye ndiye anayejipangusa jasho. Jasho lenyewe hana."

Tasbihi ya Sharifo ilisimama. Kikongwe yule alikuwa na ulimi mkali, lakini hakuwa mjinga. Aligeuza macho taratibu kwa mkamwana wake, na mkamwana wake hakuweza kuyapokea. Bishara aliuona mstari wote tena, wanaume wanahema, vifua vinapanda na kushuka, na mkono wa Sajini unapita kutoka kifua hadi kifua, hivi, hivi, hivi. Unafika nyuma, kwenye kifua kisichohema.

"Labda leo alisukuma," akasema. "Leo gari lilikuwa zito. Mimi nililiona. Kila mtu alisukuma."

"Wewe! Humjui Yarow," Saynab akasema.

"Saynab, fikiri vizuri. Mbele ya Sajini, angethubutu kutosukuma?"

"Sajini yupi wa kumharakisha Yarow?" Saynab alikuwa bado anacheka. "Siku simba aliingia zizini kwetu, mimi nimepanda juu ya kibanda, mikeka inachanika, yeye anavaa viatu. Kwanza cha kulia. Nikamshika kifua aliporudi, nikasema huyu atakufa kwa hofu. Moyo unatembea, wallahi, unatembea kama mtu anayetoka kula. Nikamwambia, wewe Yarow, hivi kuna kitu gani duniani kitakachoweza kukuti..."

Mkeka uliinuliwa. Gelle aliingia ameinama, mchanga umemfika magotini, chumvi ya jasho imemkaukia usoni. Hakumtazama mamake, wala mkewe. Mkononi alishika shuka na kofia ambavyo Yarow alivuliwa alipopandishwa garini, vimekunjwa pamoja, akasimama mbele ya Saynab.